Dodoma punda kila kona, farasi hakuna. Ni mbung'o, ni maji, au ni sisi wenyewe?

Zabibu_Kavu (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Nina shamba la zabibu Hombolo, si mbali na bwawa. Rafiki yangu wa Usa River ana farasi jike wawili anataka kuwauza, umri miaka tisa na kumi na moja, watulivu, wamezoea kupandwa na watoto. Nimewaza niwalete huku. Mji umekua, watu wana magari na watoto wao wikendi hawana pa kwenda zaidi ya Msalato kula nyama. Nikiwa na farasi wawili pale shambani nadhani wageni watakuja.

Lakini nimekaa nikajiuliza. Mkoa huu tuna mifugo tangu mababu, punda wanabeba maji kila kijiji, tambarare za kukimbiza farasi tunazo hadi macho yanachoka. Kwa nini hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kufuga farasi? Kama kuna sababu waliyoijua wao nami siijui, naomba niijue kabla sijatoa pesa.

Mgogo wa Bahi

Mbukwa. Sababu ni moja tu, mbung'o. Farasi akiumwa na mbung'o hafiki mwezi. Funga uzi.

Msalato Junction

Uzi ufungwe ndani ya dakika nne! Mkuu wa Bahi bwana.

Mimi naona ni pesa. Punda unampata mnadani kwa bei ya mbuzi kadhaa, anakula anachokiokota. Farasi huwezi kumfungulia asubuhi ukamwambia tuonane jioni.

Mama Uwele

Mgogo wa Bahi, hilo la mbung'o halinikai. Nimezaliwa Mvumi. Ng'ombe wa babu yangu walikuwa wengi mpaka tunawahesabu kwa rangi. Mbung'o angekuwa ametawala Ugogo hao ng'ombe wangeishi vipi? Mbung'o wanataka vichaka na kivuli. Wapo kwenye mapori, huko Manyoni, Itigi na kwingine. Huku kwetu kwenye mbuga wazi hawakai.

Ngosha_Itigi

Nathibitisha. Vichaka vya Itigi ukipita na pikipiki wanakufuata na wanauma juu ya shati. Nilipohamia Dodoma mjini nina mwaka wa sita sijaumwa na hata mmoja.

Mgogo wa Bahi

Mama Uwele, sawa, lakini farasi angefikaje Ugogo bila kupita hayo mapori? Hakushuka na mvua. Angetoka pwani, na kutoka pwani hadi Mpwapwa kuna nyika nzima ya kupita. Ndiyo maana ndigana inawamaliza njiani.

Bwana Mifugo

Nimefanya kazi ya mifugo wilaya tatu za mkoa huu, naomba nirekebishe mawili.

La kwanza, ndigana si ugonjwa wa mbung'o. Ndigana kali inaletwa na kupe na ni ya ng'ombe. Ugonjwa wa mbung'o ni nagana. Majina yanafanana, wafugaji wengi wanayachanganya, na mtu anaweza kununua dawa isiyo yake.

La pili, na hili mleta mada asome polepole. Nagana inaua farasi, ni kweli, lakini inaua taratibu: anakonda, anaishiwa damu, anavimba chini ya tumbo. Kuna ugonjwa mwingine unaoua haraka zaidi, na hauhitaji mbung'o. Unaitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni virusi, vinabebwa na visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma magharibi ikiingia. Farasi anapata homa, anavimba juu ya macho, anashindwa kupumua, povu linatoka puani. Kundi ambalo halijachanjwa linaweza kupoteza tisa katika kumi.

Punda na punda milia wanaambukizwa virusi hivyo hivyo na kwa kawaida huwaoni hata wakiugua. Punda milia ndiye anayevihifadhi porini. Wanyama wa jamii moja, mmoja amezaliwa na ugonjwa huo barani, mwingine ameukuta.

Visubi wanazaliana kwenye matope na kingo za maji. Zabibu_Kavu, umesema shamba liko karibu na bwawa?

Zabibu_Kavu

Kama mita mia nne. Nilidhani hiyo ndiyo faida yangu.

Kwato Nne

Nimekuwa mtunza farasi Usa River miaka minne, naomba niseme nilichokiona.

Bwana Mifugo kasema povu. Nimeliona. Alikuwa farasi dume mwekundu, asubuhi amekula vizuri, nimempiga brashi, mchana nikaona anasimama na shingo ameinyoosha mbele kama anayetafuta hewa. Jioni analowa jasho. Alfajiri nimemkuta amelala, povu jeupe limejaa puani na kwenye nyasi. Mwenye shamba alikuwa amechelewa kuchanja mwaka ule. Nililia, na sioni aibu kusema. Mnyama unamfundisha kukuamini unyanyue mguu wake, halafu siku moja unauacha mguu huo huo shimoni.

Baada ya pale utaratibu ukabadilika. Chanjo inachomwa kiangazi, si mvua zikishaanza. Saa kumi na moja jioni kila farasi yuko bandani, hatoki mpaka jua limepanda. Madirisha yana wavu mwembamba. Watu wanawafuga Arusha, wanawafuga chini ya Kilimanjaro, kuna farasi hadi Mufindi. Inawezekana. Ila kule kuna watu wanaojua. Dodoma ukilala na farasi anayejigaragaza kwa msokoto wa tumbo, utampigia nani saa nane za usiku?

Msalato Junction

Kwato Nne, pole sana mkuu.

Swali la mtu asiyejua: msokoto ni kuumwa tumbo tu au?

Kwato Nne

Kwa farasi kuumwa tumbo ni hatari ya kufa. Farasi hawezi kutapika, njia inaelekea upande mmoja. Gesi ikijaa au utumbo ukijisokota hana pa kuitolea. Tena hana mfuko wa nyongo, kwa hiyo ameumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa, si kushindiliwa mara moja kama ng'ombe anayelala akacheua.

Mgogo wa Bahi

Hana nyongo? Kwa hiyo hana hasira?

Bwana Mifugo

Hilo la nyongo ni kweli, na punda naye hana. Mateke ya punda unayajua, kwa hiyo hasira inatoka kwingine.

Nikazie la chakula, kwa sababu hapa Dodoma ndipo ninapoogopa zaidi. Mtu ataona mahindi yameota ukungu, atasema wape wanyama. Mnakumbuka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya mahindi. Kwa farasi kuna sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, fumonisini, inamwozesha ubongo. Anaanza kuyumba, anazunguka, anagonga ukuta kwa kichwa, anakufa. Ng'ombe hawaathiriki kirahisi hivyo, ila punda naye inaweza kumpata. Pumba za mashine usizozijua zilikotoka usimpe farasi, hata kama umepewa bure.

Reli ya Kati

Wadau nimechelewa, ila mnazungumza kana kwamba farasi hawajawahi kufika. Walifika, tena wengi.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi wote wawili walikufa Kingaru, huko huko karibu na pwani. Alipompasua mmoja akakuta tumbo limejaa minyoo. Ugogo aliuvuka bila farasi.

Halafu vita ya Wajerumani na Waingereza. Aprili 1916 Jenerali van Deventer alitoka Arusha na wapanda farasi wa Afrika Kusini, wakapita Lolkisale, wakaingia Kondoa Aprili 19. Ilikuwa masika, njia imegeuka tope, chakula hakifiki. Farasi walikufa kwa mamia. Walipotoka Kondoa kuja kuchukua Dodoma, mwishoni mwa Julai 1916, wengi wa wale wapanda farasi walikuwa wanatembea kwa miguu.

Kwa hiyo wazee waliwaona. Waliwaona wakifa. Mzee aliyeshuhudia hayo akiwa kijana wa miaka kumi na tano, ungemshawishi vipi anunue farasi?

Mgogo wa Bahi

Ndiyo hicho nilichosema tangu mwanzo. Mbung'o.

Bwana Mifugo

Masika, tope, wanakufa kwa mamia ndani ya wiki chache. Hao ni visubi.

Msalato Junction

Chakula hakifiki. Amesema chakula hakifiki! Hiyo ni njaa.

Mama Uwele

Kila mmoja amemchukua farasi wake pale pale. Nami nichukue wangu.

Hivi vita vilipokwisha, baba wa mama yangu alisimulia, watu hawakukumbuka farasi. Walikumbuka kuwa askari wa pande zote mbili walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ikafuata Mtunya, ile njaa ambayo Wagogo wanaitaja kwa jina lake mpaka leo. Mtu aliyeuza kila kitu apate kibaba cha mtama hafikirii mnyama wa kupandwa. Anafikiria ng'ombe wa maziwa na mahari, na punda wa kumfuata maji mama mkwe. Farasi hana kazi aliyoachiwa. Maziwa hatoi, nyama hatumli, mahari hapokelewi. Kulima tunalima na maksai. Mimi sababu yangu ni hiyo, wala si mdudu.

Ngosha_Itigi

Mama Uwele umegusa. Usukumani pia, maksai na punda wanavuta mkokoteni na plau, farasi hakuna anayemtaja.

Ila Kongwa nasikia Waingereza walileta farasi wa kulimia karanga?

Reli ya Kati

Hapana mkuu. Mradi wa karanga Kongwa ulianza 1947 na ulikuwa wa matrekta, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Ardhi ikakauka ikawa ngumu kama sementi, majembe yakavunjika, mvua zikagoma, mradi ukaachwa 1951. Farasi hawahusiki na hasara ile.

Mto wa Bubu

Wakuu mnasema punda ni wa bure, naomba nitoe la moyoni. Tulikuwa na punda watatu, wakaibwa usiku mmoja. Ngozi. Miaka ile ngozi ya punda ilikuwa inatafutwa ikasafirishwe China kutengeneza dawa, na bei ya punda ikapanda mpaka mtu wa kawaida hawezi kununua mwingine. Mama yangu alirudi kubeba ndoo kichwani kilomita tano, ana miaka hamsini na nane. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, na mimi ile habari niliisoma mara mbili.

Punda mmoja na madumu manne ya lita ishirini, hiyo ni lita themanini kwa safari. Mkizungumza farasi wa kuchezea watoto wa mjini, mtukumbuke na sisi.

Zabibu_Kavu

Mto wa Bubu, pole kwako na kwa mama. Sikuja kuwadharau punda. Shambani kwangu ninaye mmoja na bila yeye zabibu hazinyweshwi.

Naomba nirudi kwenye hesabu ya maji maana ndiyo ninayoiweza. Farasi mmoja anakunywa kiasi gani?

Kwato Nne

Mkubwa wa kilo 450, weka lita 30 hadi 45 kwa siku, jua la Oktoba na kazi zinaongeza. Majani makavu kilo tisa au kumi. Jiwe la chumvi. Na asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake pamoja na tandiko, kwa hiyo wale wageni wako wa kilo mia na kumi uwaambie wapige picha tu wamesimama pembeni.

Maji ya bwawa la Hombolo umeyaonja?

Zabibu_Kavu

Yana chumvi. Sisi ya kunywa tunachota kwingine. Kwa hiyo maji nisiyoyanywa mimi, nimtegee farasi...

Nakiri hili sikulifikiria.

Mgogo wa Bahi

Wawili hao ni lita tisini. Punda wako atawabebea maji farasi! Punda afe mzigo ufike.

Mama Uwele

Hiyo mwanangu haitakuwa haki hata kidogo.

Msalato Junction

Mimi bado nauliza. Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi. Kwa hiyo serikali inaweza kuwatunza. Kwa nini mtu binafsi wa Dodoma asiweze?

Kwato Nne

Kwa sababu kikosi kina daktari, kina banda, kina bajeti ya majani na kina fundi wa kwato. Huyo wa mwisho ndiye watu wanayemsahau. Kwato zinaota kama kucha. Kila wiki sita hadi nane zinapunguzwa, zinasawazishwa, na farasi wa kazi kwenye changarawe anapigiwa viatu vya chuma. Ukikosea msumari ukaingia kwenye nyama, umemlemaza. Nilijifunza kupunguza, kupiga viatu sikuruhusiwa mpaka mwaka wa tatu. Lijamu, hatamu, vikuku, tandiko linalomkaa mgongoni bila kumchubua, vyote vinataka fundi. Dodoma tuna mafundi wa ngozi wazuri wa viatu na mikanda, lakini tandiko la farasi si mkoba.

Mimi naona sababu ni hii. Mnyama hafiki peke yake. Anakuja na watu kumi wanaomjua, na hao kumi hapa hawakuwahi kufika.

Bwana Mifugo

Hao kumi wangekuja kama farasi wangeishi. Kwanza mnyama apone, ndipo fundi apate kazi.

Kwato Nne

Na mnyama hawezi kupona bila mtu anayejua kumwingiza bandani kabla jua halijazama. Tutazunguka hapa mpaka asubuhi, daktari.

Irangi_68

Asalaam aleikum. Nimesoma wote, sikuwa na neno mpaka Reli ya Kati alipotaja Kondoa.

Babu yangu alikuwa na shamba upande wa kwenda Kolo. Kuna kipande cha bonde alikataza kulimwa. Alisema ni pa farasi. Tulipokuwa watoto tulidhani ni jina tu, kama watu wanavyoita mahali pa nyuki au pa fisi. Baadaye makorongo yakala ile ardhi. Mnaojua Kondoa mnaujua mmomonyoko wake, HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, walikuja hadi mifugo ikahamishwa 1979. Mvua moja ikafunua mifupa mikubwa, na baba akaokota chuma kilichopinda kama mwezi mchanga. Mama alikitumia miaka mingi kutegea mlango wa ghala. Kipo mpaka leo.

Babu alikuwa anasema kitu kimoja kuhusu wale farasi. Usiku walikuwa wanakohoa kama watu. Kijiji kizima kilisikia.

Bwana Mifugo

Kukohoa. Hilo ni pafu. Irangi_68, umenisisimua.

Mgogo wa Bahi

Mimi sina la kubisha hapo. Ila mbung'o nao walikuwepo bonde lile, muulize mzee yeyote wa Kolo.

Reli ya Kati

Irangi_68, hicho chuma kina matundu mangapi? Tafadhali usikitupe wala kumuuzia mtu wa vyuma chakavu.

Irangi_68

Manane, manne kila upande. Mawili bado yana misumari ndani.

Zabibu_Kavu

Wakuu, asanteni. Nimempigia yule rafiki, nimemwambia asiniwekee. Si kwamba nimeacha. Nimemwomba nikakae kwake kiangazi chote kuanzia Juni, nijifunze banda na kwato, nimwone daktari anavyochanja. Na nimeanza kuulizia eneo juu ya kilima, mbali na bwawa, kwenye upepo. Mama yangu amesema niongeze punda wa pili. Hilo nalifanya wiki hii.

Mto wa Bubu

Punda wa pili mfungie ndani usiku mkuu.

Kwato Nne

Ukifika Usa River niulize kwenye PM, nitakuelekeza kwa mzee aliyenifundisha. Atakupa koleo la mavi mwezi mzima kabla hujashika hatamu. Vumilia.

Irangi_68, pima hicho kiatu. Kama upana na urefu vinakaribiana, ni cha farasi. Kama ni chembamba, kirefu, mbavu zake zimenyooka, ni cha baghala.

Ngosha_Itigi

Baghala ndiye nyumbu? Nyumbu anapigiwaje viatu?

Bwana Mifugo

Nyumbu wa Serengeti hapana. Baghala ni mtoto wa punda dume na farasi jike, wengine nao wanamwita nyumbu. Majeshi yaliwatumia kuvuta mizigo. Kwa kawaida hazai.

Reli ya Kati

Na kama ni cha baghala, basi lile bonde la babu yako lilizika msafara wa mizigo, si wapanda farasi. Inabadilisha habari yote.

Irangi_68

Babu alisema farasi. Lakini babu hakuwa ameona baghala kabla ya siku ile, wala farasi. Nipo Dodoma mjini hadi Ijumaa. Jumamosi nikifika nyumbani nakitoa mlangoni nakipima kwa rula, naweka na picha hapa.